Mwongozo kamili: Kuchagua vitabu na mwalimu wa stadi za kujiokoa porini

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Nimesoma vitabu vinne vya kujiokoa porini, nimetazama video mwaka mzima, mbona moto bado haunikubali?" Nikimuuliza mtu huyo amejaribu mara ngapi, jibu ni mara mbili au tatu. Nikimuuliza vitabu vyake viliandikwa kwa ajili ya pori gani, hajui. Nikimuuliza nani amewahi kumtazama akifanya, hakuna.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Msomaji anaongeza kitabu cha tano akidhani siri imo humo, wakati kilichokosekana ni mpangilio: kitabu kimoja kinachofaa ardhi yake, mazoezi yaliyoandikwa, na jicho la mtu anayejua. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo. Usiruke hatua, hasa ya tatu na ya sita.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari gumu na penseli. Wino wa baadhi ya kalamu huyeyuka daftari likilowa; penseli haina shida hiyo.
- Vitabu viwili, vitatu ukizidisha. Utavichagua katika hatua ya pili.
- Kisu kimoja chenye makali yasiyokunjwa, na ala inayokishika imara.
- Turubai dogo na kamba ya mita 15 hivi.
- Viberiti, sufuria ya chuma ya kuchemshia maji, filimbi na tochi.
- Kisanduku cha huduma ya kwanza.
- Mahali halali pa kufanyia mazoezi, ambapo moto unaruhusiwa, na ndoo ya maji pembeni.
- Mtu mmoja anayejua uko wapi kila unapokwenda.

Fedha ulizotaka kununulia kisu cha pili, weka akiba ya mwalimu.

## Hatua ya 1: Andika pori lako ni lipi

Fungua ukurasa wa kwanza wa daftari ujibu haya: Baridi kali ya usiku hufika kiwango gani? Maji yako wapi msimu wa kiangazi? Miti gani imejaa? Kuna nyoka wenye sumu, wanyama wakubwa, mafuriko ya ghafla? Kutoka ndani ya pori hadi barabara yenye gari ni mwendo wa saa ngapi?

Sababu yake ni kwamba hakuna kitabu cha pori lote la dunia. Mwandishi wa misitu ya theluji atakufundisha kuwasha moto kwa gome la mti usioota kwenu. Wa jangwani atakuambia utembee usiku, ushauri ambao kwenye msitu mnene wenye makorongo unavunja miguu.

Utajua umefaulu ukiweza kutaja hatari tatu za kwanza za eneo lako bila kufungua daftari. Ukiona umeandika simba kwanza na baridi mwisho, rudia. Sehemu nyingi za dunia, kulowa na kupigwa na upepo usiku huua watu wengi kuliko meno.

## Hatua ya 2: Chagua kitabu kwa kazi yake

Vitabu vya fani hii viko vya namna tatu, na kosa kubwa ni kununua vitano vya namna moja.

Cha mwili na akili. Anza hapa. *98.6 Degrees* cha Cody Lundin (2003) kimepewa jina kwa joto la mwili wa mtu mzima wa afya kwa kipimo cha Farenhaiti, sawa na nyuzi 37 za Sentigredi, na karibu kila kitu ndani yake kinarudi kwenye swali moja: utalilindaje joto hilo lisipande wala lisishuke. Kwa upande wa akili, *Deep Survival* cha Laurence Gonzales (2003) kinaeleza kwa nini watu werevu huendelea kutembea kuelekea pasipofaa huku wakijiambia wako sawa. Hakifundishi fundo hata moja. Mimi ningekisoma kabla ya vyote.

Cha stadi za mikono. *Bushcraft* cha Mors Kochanski wa Kanada, kilichotoka 1987 kwa jina la *Northern Bushcraft*, ndicho kilichoeleza kisu, shoka na moto kwa undani kuliko chochote nilichosoma. Michoro yake inaonyesha mkono ushike wapi na mguu ukae wapi. Kumbuka tu kwamba ni kitabu cha misitu ya baridi ya kaskazini: kanuni za makali na moto zinasafiri popote, miti yake haisafiri. Anayeishi penye ukame atafaidika zaidi na *Outdoor Survival Skills* cha Larry Dean Olsen (1967), kilichotokana na mafunzo ya nyika kavu za magharibi mwa Marekani.

*SAS Survival Handbook* cha John Wiseman (1986) kinagusa kila kitu, kuanzia bahari hadi milima, kwa aya chache chache. Kitumie kama ramani ya fani, kikuonyeshe mada zipo ngapi. Ukikitegemea kukufundisha mada moja hadi uiweze, utakwama. Mwongozo wa jeshi la Marekani, FM 21-76, unapatikana bure, lakini umeandikiwa askari, na baadhi ya ushauri wake ni wa mtu anayemkwepa adui. Wewe uliyepotea unataka kuonekana.

Cha mimea. Hiki lazima kiwe cha eneo lako, bila msamaha. Kitabu kizuri cha mimea kina mimea michache na kurasa nyingi kwa kila mmoja: sura yake kila msimu, sehemu inayoliwa, namna ya kuiandaa, na mmea wa sumu unaofanana nao. Samuel Thayer wa Marekani ni mfano mzuri katika *The Forager's Harvest* (2006), kwa kuwa anaandika juu ya mimea aliyoila yeye mwenyewe. Kitabu chenye mimea mia tano, kila mmoja na picha moja ya ukubwa wa stempu, usikitegemee kwa chakula.

## Hatua ya 3: Kikague kitabu kwa kurasa tano

Kabla ya kulipa, au kabla ya kuamini ulichokwisha kununua, fungua mada hizi tano. Zinafichua haraka kama mwandishi amehakiki au amenakili vitabu vya babu zake.

Ukurasa wa nyoka. Ukikuta ushauri wa kuchanja jeraha, kufyonza sumu kwa mdomo au kufunga kamba kwa nguvu juu ya jeraha, kifunge. Kuchanja kunaongeza damu na maambukizi, kufyonza hakutoi sumu ya maana, na kamba inaweza kuua kiungo. Kitabu sahihi kitasema: ondoka karibu na nyoka, vua pete na bangili kabla ya uvimbe, mtulize aliyeumwa, zuia kiungo kisitikisike kama unavyofanya kwa mfupa uliovunjika, kisha mfikishe hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka.

Ukurasa wa damu. Vitabu vingi vya zamani vinaogopesha watu kuhusu tonikwiti, ule mkanda wa kukaza kiungo, na kuagiza ulegezwe kila baada ya dakika kadhaa. Mafundisho ya leo ni tofauti. Kandamiza jeraha kwa nguvu. Damu ya mkono au mguu ikikataa kusimama, kaza mkanda sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, mahali pasipo kiungio, andika saa, na usiulegeze hadi afike mtaalamu.

Ukurasa wa maji. Kitabu kinachokuambia unywe mkojo au uchanganye maji ya bahari hakifai. Hata kile kinachosisitiza kunywa tone kwa tone huku chupa ikiwa imejaa kina walakini: watu wamekutwa wameanguka kwa kiu wakiwa na maji begani. Unachobana ni jasho, kwa kupumzika kivulini na kutembea kukiwa na ubaridi. Tafuta pia kama kinaeleza kuchemsha: dakika 1 ya kutokota vizuri inatosha, dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000, kwa sababu huko maji hutokota kwa joto dogo zaidi. Na kiseme wazi kwamba kuchemsha huua vijidudu tu, kemikali zinabaki.

Ukurasa wa mimea. "Anachokula nyani au ndege, nawe kula" ni sentensi ya kuua mtu. Ndege humeza matunda ambayo machache tu yanaweza kumlaza mtoto hospitalini. Vitabu vya jeshi vina jaribio la kuonja mmea usioujua kidogo kidogo kwa saa nyingi. Kitabu makini kitakuonya kwamba jaribio hilo halifai kabisa kwa uyoga, na kwamba mtu aliyepotea siku mbili tatu hana sababu ya kulifanya. Njaa ya siku tatu inatesa. Kuharisha kwa siku moja kunakunyang'anya maji uliyoyatafuta kwa jasho.

Ukurasa wa baridi. Pombe ya kupasha mwili moto, au kusugua mikono kwa nguvu, ni alama ya kitabu kilichopitwa. Pombe hufungua mishipa ya ngozi na joto likatoka. Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35 za Sentigredi mtu yuko hatarini, na tiba inaanza kwa kumvua nguo mbichi, kumtenga na ardhi, na kupasha kifua na kiwiliwili kabla ya vidole.

Utajua umefaulu ukibaki na kitabu kilichopita angalau kurasa nne kati ya tano, na ile ya tano umeisahihisha kwa penseli pembeni. Kitabu cha zamani kinaweza kuwa hodari kwa shoka na kibaya kwa tiba. Kitumie kwa anachokijua mwandishi.

## Hatua ya 4: Geuza ukurasa mmoja kuwa mazoezi kumi

Sasa funga kitabu. Chagua stadi moja, uifanye mara kumi kwa siku tofauti, ukiandika kila mara: hali ya hewa, aina ya kuni, muda uliotumia, kilichoharibika.

Anza na moto wa kiberiti. Wengi wanarukia moto wa kupekecha kwa sababu unapendeza kwenye video, na hapo ndipo wanapovunjika moyo. Ambaye hajui kupanga kuni, hata akipewa kaa jekundu mkononi litazimika.

Kusanya kuni za ukubwa wa aina tatu: nyembamba kama njiti ya kiberiti, nene kama penseli, nene kama kidole gumba. Kusanya zote kabla ya kuwasha, kisha uongeze maradufu ya ulichodhani kinatosha. Chukua matawi makavu yaliyobaki mtini au yaliyonasa juu. Yaliyolala chini yamenyonya unyevu wa ardhi. Kijiti kikipinda bila kulia, kiache. Kikivunjika kwa mlio mkali, hicho ndicho.

Onyo: siku ya upepo au ya katazo la moto, fanya mazoezi ya turubai na mafundo badala yake. Ukimaliza moto, mwaga maji, koroga majivu, gusa kwa nyuma ya kiganja. Pakiwa na uvuguvugu, hujamaliza.

Utajua umefaulu ukiweza kuwasha moto kwa njiti moja, mara tatu mfululizo, na moto ukajitegemea dakika tano bila wewe kuupuliza. Kisha rudia siku moja baada ya mvua. Utagundua umerudi nyuma, na ndivyo inavyotakiwa: sasa utalazimika kupasua kuni na kutafuta ukavu uliofichwa ndani.

Baada ya moto fuata kinga ya mvua, halafu kitanda cha majani, halafu maji. Kupekecha kuje mwisho.

## Hatua ya 5: Huduma ya kwanza kabla ya stadi za kupendeza

Hii ni fupi kwa sababu haina mjadala. Kozi ya kwanza kulipia iwe ya huduma ya kwanza ya porini, ambayo kwa kawaida huchukua siku mbili au tatu. Inatofautiana na ya mjini kwa kuwa inachukulia kwamba msaada uko saa nyingi mbali, kwa hiyo inakufundisha kumtunza mgonjwa usiku kucha na kuamua kama abebwe au msaada usubiriwe hapohapo. NOLS, shule ya stadi za nyikani iliyoanzishwa na Paul Petzoldt huko Wyoming, Marekani, mwaka 1965, ni miongoni mwa wanaojulikana sana kwa kozi hizi.

## Hatua ya 6: Mtafute mwalimu, na umhoji

Nieleze kwanza kwa nini mwalimu hana mbadala. Nilijifunza kupekecha moto kwa kitabu. Ulindi, kile kijiti kinachozunguka, nilikuwa nao. Uwimbombo, ubao wa chini, nilikuwa nao. Upinde na kamba vilikuwa sawa. Kwa majuma kadhaa nilipata moshi na unga wa kahawia, basi. Mwalimu alipokuja alichuchumaa pembeni yangu, hakunitazama usoni hata kidogo. Alitazama mkono wangu wa kushoto, ule unaobana ulindi kwa juu. Akausukuma kwa kidole hadi kifundo kikagota kwenye muundi wa mguu wangu. "Usiuachie hapo," akasema. Mkono ulikuwa ukitikisika na ulindi ukichezacheza, na kila ukicheza joto lilikuwa linapotea. Mara ya pili baada ya hapo, unga ulitoka mweusi, ukajikusanya kwenye mkato wa ubao, ukaendelea kufuka moshi hata nilipoacha kuvuta upinde.

Mchoro wa kifundo kwenye muundi ulikuwamo kitabuni mwangu. Nilikuwa nimeupita mara ishirini.

Sasa, namna ya kumchagua. Mpigie simu umuulize haya:

1. Mwanafunzi akivunjika mguu saa nne usiku, kinatokea nini? Hili ndilo swali bora kuliko yote. Jibu zuri linakuja haraka na lina mambo kamili: chombo gani cha mawasiliano, gari liko wapi, nani anabaki na kundi, hospitali iko umbali gani. Jibu la "haijawahi kutokea" lina maana hana mpango.
2. Utaniuliza nini kuhusu afya yangu? Asiyekuuliza dawa unazotumia na magonjwa uliyonayo hajajiandaa kukupokea.
3. Wanafunzi ni wangapi kwa kila mwalimu? Kwa kazi za kisu na moto, wakizidi wanane kwa mwalimu mmoja utakuwa mtazamaji.
4. Kwa siku, mikono yangu itakuwa kazini saa ngapi? Wengine wanahutubia tu.
5. Umeacha kufundisha nini baada ya kugundua si sahihi? Mwalimu anayejifunza ana jibu. Na mara nyingi hulifurahia swali.

Uliza vyeti pia, lakini angalia cheti kinapimwaje. Mfumo mzuri ninaoujua ni wa CyberTracker kwa wasoma nyayo, ulioanzishwa na Louis Liebenberg wa Afrika Kusini katika miaka ya 1990 baada ya kujifunza kwa wawindaji wa Kalahari: mtahini anakuelekeza kwenye alama halisi ardhini na kukuuliza nani kapita, alikuwa akifanya nini. Huwezi kukariri.

Wa kumkimbia. Anayejivunia "kuwavunja" wanafunzi, anayeficha maji ili kukupima, anayekwambia huruhusiwi kuondoka katikati ya kozi. Mwaka 2006, kwenye kozi moja ya jangwani huko Utah, Marekani, mwanafunzi alikufa kwa kukosa maji wakati waongozaji walikuwa na maji ya dharura. Mateso hayaongezi stadi. Mwili wenye kiu haujifunzi chochote, na mwalimu mwema hukupa maji kwanza, somo baadaye.

Usisahau walimu wasio na tangazo: mchungaji, mrina asali, mvuvi, mwindaji wa halali aliyezeeka katika pori hilohilo. Kwa mimea na maji ya eneo lako, mzee kama huyo anaweza kuzidi shule yoyote. Mwendee kwa adabu. Lipa muda wake, beba mzigo wake, na siku ya kwanza usiulize maswali mengi. Wengi wao hawaelezi kwa maneno. Mikono yao ndiyo inayofundisha, na ukiwakatiza wanaanza kusimulia unachotaka kusikia. Mambo ya tiba, hata hivyo, yapime kwa ulichojifunza hatua ya tano.

Utajua umefaulu ukitoka kwenye kozi na makosa yako mawili au matatu yaliyotajwa kwa jina, pamoja na zoezi la kuyarekebisha.

## Hatua ya 7: Usiku mmoja wa majaribio

Subiri mwezi mmoja baada ya kozi, ufanye mazoezi, kisha ulale nje usiku mmoja kwa stadi zako. Hema, blanketi na chakula viwe ndani ya begi lililofungwa, mita chache kutoka ulipo. Huo si udhaifu: utathubutu kujaribu kibanda chako mwenyewe kwa sababu ukishindwa saa nane usiku unafungua begi na kulala.

Nenda na mwenzako. Mwachie mtu wa nyumbani karatasi yenye mambo manne: mahali hasa, njia ya kuingilia, saa ya kurudi, na saa ambayo asipokusikia anapiga simu ya dharura. Saa hiyo muiandike kwa tarakimu, pamoja na asubuhi au usiku. "Nikichelewa" haimsaidii mtu.

Kagua kitanda kabla giza halijaingia. Majani makavu yakishindiliwa yabaki unene wa shibiri moja kamili. Lala chali dakika kumi. Ukihisi ubaridi wa ardhi kwenye nyonga au mabegani, inuka uongeze mwanga ungalipo, maana usiku hutayaona majani na utakuwa umeshaanza kutetemeka. Ukianza kutetemeka bila kujizuia, jaribio limekwisha: vaa nguo kavu, ingia kwenye blanketi, kunywa kitu cha moto chenye sukari.

Asubuhi, kabla hujafumua kibanda, kaa juu ya kitanda chako uandike kila mahali palipokuamsha: upande gani upepo uliingia, wapi maji yalidondoka, saa ngapi moto ulikufa na kuni zilikuwa umbali gani na mkono wako. Halafu fungua kitabu kwenye kurasa za mambo hayo matatu tu.